Sahani Inarudi Imejaa

Malangali, Sumbawanga, 12 Novemba 1974

Mvua imeanza kweli, nami leo nimemaliza kupanda. Maharage juu ya vichuguu na viazi kule chini; mahindi na maboga kando ya ua, mchicha na figiri karibu na jiko, vilitangulia tangu Septemba kwa maji ya ndoo. Vichuguu amenifundisha jirani yangu Cornelia. Aliponikuta napiga matuta marefu kama ya kwetu Mbeya alicheka mpaka akashika kiuno. "Dada Atusaye, hapa Ufipa majani hayatupwi, yanazikwa!" Basi nimezika majani, nimerundika udongo juu yake, na mgongo wangu nao uko tayari kuzikwa.

Duka la ushirika lina viberiti na sabuni ya mche. Wiki iliyopita lilikuwa na ule unga wa njano ambao watu wanauita wa Yanga. Mafuta hakuna. Sukari wanasema wiki ijayo, kama walivyosema wiki iliyopita. Kwa hiyo tutakula kinachotoka katika bustani hii, mimi na mume wangu Ambakisye, ambaye serikali ilimhamishia huku mkoa mpya ulipoanzishwa. Watoto Mungu bado hajatupa. Ambakisye yuko Mbeya kikaoni, atarudi Jumapili.

17 Novemba

Amerudi. Amerudi na baba yake.

Hakuniandikia, hakunitumia mtu. Nimesikia mlango wa gari, nimetoka jikoni na mikono yenye unga ili nimpokee mume wangu, nikaona kofia ya baba mkwe nyuma yake. Nimegeuka nikakimbia mpaka nyuma ya choo, nikakaa huko mvuani nikisubiri Ambakisye amwingize ndani. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wake. Si kusalimiana, si kutazamana, si kupishana njiani. Hata jina lake silitamki, na hapa siliandiki. Nitamwita Mzee.

Kijijini hilo halina taabu. Mzee ana nyumba yake, mkamwana ana yake, kila mtu ana njia yake. Lakini hapa tuna nyumba ya serikali yenye vyumba viwili na sebule, jiko liko nje, bustani iko nyuma ya jiko, na njia ni moja tu. Nimemuuliza Ambakisye, "Nitapita wapi?" Akasema, "Utazoea." Mtu asiyepika anajua kuzoea mambo ya jikoni!

Sababu ya kumleta ni hii. Mama mkwe alifariki mwezi wa nane, na tangu hapo Mzee amekonda mpaka suruali inafungwa kwa kamba. Hospitali wamempima, hawakuona ugonjwa. Wamesema apewe chakula kizuri. Shangazi zake Ambakisye wakasema apelekwe Sumbawanga, "tuone kama yule mwanamke wa mjini anajua kulisha." Ndivyo walivyosema, Ambakisye mwenyewe kanieleza, akidhani ni sifa. Naijua maana yake. Mzee akinenepa, ni kwa sababu ya hewa nzuri ya Ufipa. Akifia mikononi mwangu, nitakuwa nimemuua kwa njaa, na hilo litasemwa mpaka siku wanayonizika mimi.

Wamekuja pia na Sekela, mdogo wake Ambakisye, ili apeleke sahani, maana mimi siwezi. Amekuja na viatu vya raizoni vyenye soli ndefu kama tofali. Amevitazama vile viatu, akatazama matope ya Malangali, akaniangalia mimi kana kwamba matope nimeyaleta mimi.

18 Novemba

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja. Asubuhi nimechungulia tundu la mlango wa jiko nikamwona yuko bustanini na jembe langu. Amevunja vichuguu viwili vya maharage, katikati kabisa, akapanda mgomba. Mgomba! Ameubeba kutoka Tukuyu ukiwa umefungwa gunia, ameupakata safari nzima. Hapa juu upepo unang'oa mabati, na mwezi wa sita maji yanaganda kwenye ndoo. Ndizi ya wapi?

Nilitaka kupiga kelele lakini mkamwana hapigi kelele. Nimemtuma Sekela amwambie. Sekela akasema viatu vyake havipiti kwenye matope. Ndiyo maana naandika. Katika nyumba hii hakuna mwingine anayenisikiliza.

19 Novemba

Nimepika ugali wa ulezi na maharage ya karanga. Nimempakulia wa kwanza, katika ile sahani nyeupe ya maua niliyopewa siku ya arusi, peke yake barazani, kwa kitambaa safi. Sahani imerudi imejaa. Amemega mara mbili tu.

22 Novemba

Mchicha na viazi. Imerudi imejaa.

23 Novemba

Majani ya maboga kwa karanga. Imerudi imejaa. Nimekula hayo ya kwake mimi, nimesimama jikoni, ili yasitupwe.

1 Desemba

Sasa anakaa bustanini kutwa. Amebeba kigoda, ameketi kando ya mgomba wake, anaulinda kama mlinzi wa benki. Anapokuwa bustanini mimi siwezi kuingia. Mchicha wangu unakua hadi unatoa maua, naona kwa tundu la mlango, siwezi kuuchuma. Nachuma alfajiri kabla hajaamka, au anapokwenda chooni, nakimbia, natia upande wa khanga, narudi mbio. Leo alirudi upesi. Nimelala kifudifudi kati ya vichuguu mpaka alipogeuka. Nguo yangu nzima ni matope. Cornelia ameniona kutoka kwake, akacheka, akapiga ishara ya msalaba, akacheka tena.

Nimemwambia Ambakisye amwombe baba yake awe anatoka bustanini saa za mchana. Amesema, "Mzee anaburudika pale, mwache." Kesho anakwenda Kate kwenye operesheni ya kuhamia vijijini. Anahamisha kata nzima, lakini kumhamisha baba yake kutoka kwenye maharage yangu hawezi.

11 Desemba

Imerudi imejaa.

14 Desemba

Leo nimemsikia akiongea na kuku. Nilikuwa jikoni, yeye upande wa pili wa ukuta wa matete. "Kuku," akasema, "mtu akikunyima sauti yake utajuaje kama amekasirika?" Kuku hakujibu. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikaacha kusonga.

Niliwahi kusikia wazee wakisema na kuku au na mbuzi kwa ajili ya sikio la mkamwana. Nilidhani ni hadithi za bibi. Nilitaka kumjibu huyo kuku mambo mengi, nikaona bora ninyamaze.

25 Desemba

Krismasi. Nimechinja yule kuku. Hapana, nimemchinja mwenzake. Wali kidogo alioleta Ambakisye, njegere za kwangu, viazi. Nimesema leo lazima. Mapaja yote mawili na firigisi nimempa Mzee. Imerudi, kaondoa firigisi tu. Sekela amekula mapaja kabla sahani haijafika jikoni, mdomo unang'aa mafuta, ananiambia, "Wifi, umepika vizuri."

3 Januari 1975

Mahindi mabichi yamekomaa. Nimechemsha, nimechoma, nimesaga nikapika uji mzito. Nilidhani labda ni meno. Meno anayo yote, nimemuuliza Ambakisye. Nilidhani labda chumvi imezidi, nikapunguza. Labda hataki karanga, nikaziacha. Imerudi imejaa. Nimekaa nikashika tama mbele ya figa. Mtu akikataa chakula chako mwezi mzima na nusu bila kusema neno, anakuambia nini? Kwamba mchawi ni wewe.

8 Januari

Mvua. Mvua. Kuni zote mbichi.

12 Januari

IMERUDI TUPU.

Ugali wa ulezi na maharage mapya, yaleyale ya kila siku. Sahani imerudi inang'aa, maua yake yote yanaonekana. Nimeishika nikaizungusha. Nimemuuliza Sekela, "Amekula mwenyewe?" Akasema, "Nimekuta tupu." Nimemwimbia Mungu jikoni mpaka Cornelia akaniuliza ng'ambo ya ua kama nimepata sukari.

15 Januari

Tupu tena. Tangu Jumapili tupu kila siku. Nimemwambia Ambakisye kwamba ni maharage ya vichuguu, yana nguvu. Ameandika barua kwa shangazi zake. Kwa mara ya kwanza naiona bustani yangu kama kitu cha maana.

19 Januari

Nimejua.

Leo baada ya ibada nilirudi mapema, nikachungulia kwa tundu. Barazani wameketi wawili, Mzee na Oswaldi, mume wa Cornelia, mzee wa Kifipa mwenye shamba la ulezi kule bondeni. Sahani ya maua iko katikati. Oswaldi anamega ugali kama mtu anayebomoa ukuta! Tonge moja la Oswaldi ni matatu ya kwangu. Huku wanabishana, mmoja anasema Kifipa, mwingine Kinyakyusa, na Kiswahili kidogo cha kugombania, kuhusu kama mgomba unaweza kustahimili upepo. Mzee anamega pia, lakini nani angemwona mbele ya mikono ile?

Mungu wangu! Kumbe nilikuwa nalisha jirani! Mgonjwa wangu anakufa, na mtu mzima mwenye shamba lake anakuja kummalizia chakula.

Nimetoka moja kwa moja mpaka kwa Cornelia. Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia, "Dada Cornelia, mzee wako anakula chakula cha mgonjwa."

Akasema, "Mume wangu anakula popote anapokaribishwa."

"Mgonjwa hana nguvu ya kukataa. Mwambie apunguze ulafi."

Akaweka ungo chini. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Oswaldi ana kwake pa kula," akasema. "Hatakanyaga tena kwenu. Ungo wangu ule uliouazima, urudishe."

Nimeurudisha. Naona nimefanya haki.

20 Januari

Imerudi imejaa.

21 Januari

Imejaa. Cornelia anapita bila kunisalimu. Hata ua wake naona unanionyesha uso wa kunyima.

26 Januari

Imejaa. Nimeongeza karanga. Imejaa.

2 Februari

Mzee hakuamka leo. Si kwamba anaumwa mahali. Amegeukia ukutani tu. Sekela anasema hata uji ameukataa, amesema mdomo hautaki.

Bustani iko wazi. Nimeingia saa nne asubuhi, jua limetoka, hakuna mtu wa kumkimbia. Nimechuma figiri, nimechimba viazi, nimeketi hata kwenye kile kigoda chake kando ya mgomba. Mgomba umetoa jani jipya, upepo umelichana vipande vipande, na Mzee hakuwepo wa kulihurumia. Miezi miwili na nusu nimeomba nipate bustani yangu. Leo nimeipata na sikuitaka.

Nimemwita Sekela jikoni. Nimemwambia akae. Akasema kigoda kichafu. Nikasema kaa! Akakaa.

"Baba yako anakataa chakula changu kwa nini?"

"Hakatai chakula chako."

"Sahani zinarudi zimejaa, Sekela."

Akachokonoa kucha zake akizitazama. "Baba hajawahi kula peke yake tangu nizaliwe. Nyumbani wanakula wazee wanne chombo kimoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, rika lake. Anayekula peke yake wanasema mchawi. Tangu tumefika hapa unampelekea sahani moja, peke yake barazani, kama mtu aliyetengwa. Atakulaje?"

"Na kaka yako?"

"Kaka hali sahani moja na baba yake. Kwa nani umeona?"

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu Novemba? Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, wifi."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Naweka hapa wazi kwamba sikumpiga nao, na Mungu alione hilo.

Mimi nimelelewa nyumba ya mwalimu, Mbeya mjini. Baba yangu alikula mezani peke yake na sahani yake, na sisi tulisema ndiyo heshima. Mnyakyusa mzima mimi, mwenye kuogopa hata kuandika jina la mkwe, nimejua kukimbia na sikujua kulisha. Sahani ya arusi, kitambaa safi, peke yake barazani. Nimempa heshima mpaka imemlaza kitandani. Na mtu mmoja tu aliyekuja kumwokoa nimemwita mlafi.

3 Februari

Nimekwenda kwa Cornelia. Nimebeba viazi vya kwanza na boga. Ameniacha nimesimama mlangoni mpaka alipomaliza kufagia uwanja wote, hata mahali palipokuwa safi.

"Nimekosa, dada," nikasema. "Mzee hawezi kula peke yake. Sikujua."

"Mume wangu mlafi," akasema.

"Mimi ndiye mjinga."

"Hilo sikulisema mimi," akasema Cornelia, lakini mkono wake tayari uko kwenye boga, analipiga kuona kama limekomaa. "Kamwambie mwenyewe. Yuko nyuma."

Oswaldi alikuwa ananoa jembe. Nimepiga magoti kwenye matope. Nikasema, "Shikamoo baba. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba," akasema. Akaendelea kunoa. Nikangoja maneno ya hukumu. Mwishowe akauliza, "Leo umepika nini?"

"Maharage na majani ya maboga."

"Ulezi au mahindi?"

"Ulezi, baba."

Akasimama, akapangusa mikono. "Haya. Tangulia, maana najua wewe ni mtu wa kukimbia."

Amekwenda chumbani kwa Mzee. Nimesikia kutoka jikoni. Oswaldi akamwambia kwa Kiswahili chake, "Amka, mwenzangu. Mgomba wako umekufa." Kitanda kikalia. "Muongo!" akasema Mzee, sauti kavu. "Haujafa!" Oswaldi akasema, "Twende ukanionyeshe, nitaamini nikiwa nimeshiba."

Sikuweka chakula kwenye sahani ya maua. Nimeweka kwenye sinia. Limerudi tupu, na leo sikuuliza nani amekula matonge mangapi.

14 Februari

Kwaresima imeanza. Oswaldi ametangaza kwamba nyama hali. Nyama ipi? Tangu Krismasi tunakula majani kama mbuzi.

20 Februari

Sasa wamekuwa wanne! Oswaldi amemleta Gaudensi, fundi wa kufuma vikapu, na Gaudensi amemleta Polikarp, ambaye sijui anafanya kazi gani zaidi ya kusifu mboga ya jana. Kila siku mchana wanaketi barazani. Na kwa kuwa wamekuwa rika la Mzee, nao pia nawakwepa. Zamani nilimkimbia mmoja, leo nakimbia wanne. Nimekuwa panya katika nyumba yangu mwenyewe. Naamka, nachuma, naponda karanga, nasonga ugali wa kuvunja bega, Sekela anabeba, sinia linarudi tupu, nakwangua sufuria nimesimama, naosha, siku imekwisha.

Lakini Mzee ametoa ile kamba ya suruali. Sekela amenionyesha, ameitundika msumarini.

27 Februari

Polikarp amesema figiri ilikuwa chungu. Akalime ya kwake.

9 Machi

Mvua ya mawe. Ilikuja mchana kutoka upande wa milima ya Mbizi, anga likawa na rangi ya chuma, na mara paa likaanza kupiga kelele mpaka sikusikia sauti yangu. Nusu saa tu. Nilipotoka hakuna jani. Mchicha umepondwa, majani ya maboga yametobolewa, maharage yamelala, figiri huwezi kujua ilikuwa wapi. Mawe meupe yamejaa kati ya vichuguu. Mgomba umekatika katikati.

Nimeketi kwenye kizingiti cha jiko nikalia kwa sauti, mkwe au si mkwe. Nimelilia mboga, nimelilia mgongo wangu, nimelilia kesho. Wazee wanne watakula nini? Na wakikosa kula hapa watatawanyika, na wakitawanyika naye atageukia ukutani tena.

Nikasikia jembe. Nimeinua kichwa kidogo. Mzee alikuwa ng'ambo ya ukuta wa matete, amenipa mgongo, anakata shina la mgomba lililovunjika ili lichipue upya.

"Kuku," akasema, "mwambie mwenye jiko asilie. Majani huota."

Kuku alikuwa amejificha chini ya ghala kwa hofu ya mawe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikafuta kamasi, nikageukia ghala. "Kuku," nikasema, "mwambie aliyekutuma kwamba mgomba wake umekalia maharage yangu tangu Novemba."

Kisha nikasikia kicheko. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaliegemea jembe. Tangu niolewe sikuwahi kusikia kicheko cha mtu huyo. Nikacheka na mimi, kwenye khanga yangu, kila mtu upande wake wa ukuta, na kuku chini ya ghala bila la kusema.

10 Machi

Mchana nimechungulia kwa tundu, nimejiandaa kuwaona wakiondoka. Hawakuja mikono mitupu. Oswaldi amebeba debe la ulezi. Gaudensi, maboga mawili ambayo mawe hayakuyafikia. Polikarp, yule wa kulalamika, amekuja na dagaa wa Wampembe waliofungwa kwa majani, ameletewa na binti yake aliyeolewa huko ziwani. Wamemkabidhi Sekela, na Sekela amevua raizoni zake ili avibebe vyote mara moja. Nimetazama miguu yake mitupu kwenye matope, sikuamini.

Nimepika dagaa kwa boga. Kimenukia mpaka barabarani.

30 Machi

Pasaka. Oswaldi amekula nyama, sote tumepona.

18 Aprili

Mvua zinapungua. Leo siku nzima wazee wamekuwa bustanini, na nimekasirika, maana mchicha mpya uko tayari na nimeshindwa kuufikia. Nimepiga vifuniko vya sufuria makusudi ili wasikie kwamba kuna mtu anangoja. Wanacheka tu, wanabeba mabua, wanafunga kamba.

Jioni walipotawanyika nimetoka. Wamejenga ua wa mabua, mrefu kunipita kichwa, kutoka mlango wa jiko mpaka mwisho wa bustani. Upande mmoja umebaki kigoda na mgomba. Upande wa pili ni mboga zote, na njia ya kwangu mwenyewe. Sasa naweza kuchuma saa yoyote, naye akiwa ameketi hukohuko, bila kukimbia wala kulala kwenye tope.

Nimesimama katikati ya hiyo njia mpaka giza likaingia. Kisha nikakasirika tena. Mtu aliyejua hivyo alingoja mpaka mvua zinakwisha?

4 Mei

Ambakisye anasema Mzee ameomba kurudi nyumbani. Amesema ana marafiki wanaomngoja kula. Ambakisye anashangaa jinsi alivyonenepa. "Ni hewa ya Ufipa," akasema. Nimemwambia aende akakae nje apate hewa zaidi.

10 Mei

Ameondoka kwa basi la Mbeya, na Sekela pamoja naye. Wazee watatu wamemsindikiza mpaka stendi, na Polikarp amelia waziwazi. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa mabua. Nilisikia hatua zake zikija, zikasimama upande wa pili. Hakusema na kuku. Alikohoa kidogo tu, nami nikakohoa. Akaenda.

11 Mei

Upepo wa baridi umeanza. Nimeufunga mgomba kwa lile gunia lake, huku nikiulaani. Umechipua shina la kidole kimoja. Hautazaa, najua hautazaa.

Ambakisye amekwenda Kate tena. Mchana nimepika kidogo tu, maharage na mchicha, ugali wa mtu mmoja. Baraza tupu, hakuna kelele za Kifipa na Kinyakyusa. Nimechukua sufuria nikasimama kando ya meko kama kawaida, nikaanza kukwangua.

Mlango ukafunguliwa, Cornelia akaingia bila hodi. Amebeba bakuli limefunikwa na kigoda chake kwapani. Nikamuuliza anataka kuazima nini.

"Sitaki kuazima. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Mkwe wako. Jana kabla hajapanda basi alinijia uani. Akaniuliza, 'Yule mkamwana wangu anakula na nani?' Nikamwambia sijui, sijawahi kumwona akila. Akasema, 'Na mimi nasikia tu. Tangu nifike nasikia kijiko kimoja kikikwangua sufuria, na mtu hakai. Mimi siwezi kumkaribisha. Nenda wewe.'"

Nikaishusha sufuria. Yeye hakungoja jibu. Akaweka kigoda, akafunua bakuli, mlenda na dagaa, akatazama sufuria yangu. "Huo ndio ugali? Huo ni wa mtoto. Ongeza unga, dada, mimi nina njaa."

Nikamwambia amezoea kuamrisha watu majikoni mwao. Kisha nikaongeza maji, nikaongeza unga, nikaenda ndani kuleta kigoda cha pili.